Rufaa ya Baba Mkwe

Jumatatu, 3 Machi

…na hilo la kuimba ndilo sikulimaliza siku ile, dada, kwa sababu shangazi aliingia chumbani tukaanza kujifanya tunakunja nguo. Naendelea hapa. Ndiyo, ni kweli, anaimba akishona. Mguu ukianza kukanyaga cherehani, mdomo nao unaanza, na wimbo unakwenda kwa kasi ya mshono. Akishona pindo refu, wimbo mrefu. Akifika kwenye tundu la kifungo anakatisha neno katikati, nami nimekaa kwenye benchi la wateja naona dunia nzima imesimama inasubiri kifungo kikae. Usinicheke. Leo ni siku ya tisa ya ndoa na bado nikimwona anavuka ua nasahau nilichoendea jikoni.

Ulinipa daftari hili niandike, kwa kuwa nikikupigia simu nazungumza mpaka salio linakata kabla sijafika kwenye habari yenyewe. Basi habari yenyewe ni hii: nina furaha kupita kiasi. Mume wangu namwita Wangu, basi. Mbele ya wakwe simwiti chochote, nakohoa tu, naye anageuka.

Nyumba ina vyumba vitatu na kibanda cha cherehani kinachotazama barabara. Mama mkwe ni mcheshi, siku ya pili tu aliniambia nikimaliza kumtazama mwanawe nimpe na yeye nafasi ya kumtuma dukani. Baba mkwe ni mtu wa maneno machache. Kijiji kizima kinamwita Mzee Mpaka, kwa sababu ya kesi ya mpaka wa shamba aliyopigana miaka kumi na moja. Alishindwa mara ya kwanza, akakata rufaa, akashinda. Tangu hapo mtu akipata karatasi yenye muhuri huku huja nayo kwake kwanza, hata kama ni ya mbolea.

Kitu kimoja tu kinanisumbua. Baba anarudisha sahani yangu ikiwa nusu.

Jumatano, 5 Machi

Mvua ya kwanza. Tulikimbia kuanua nguo za wateja tukagongana mlangoni, na kilichofuata sikiandiki.

Jumapili, 9 Machi

Leo nilijitahidi kweli. Wali laini, maharage niliyoyachemsha tangu asubuhi, mchuzi mzito wa nyanya. Baba alikula vijiko vinne, kila kimoja akikitafuna kama anakihoji, kisha akanywa maji na kusema amekwisha shiba, asante binti. Akatoka nje. Mama akatania kwamba mzee anatunza umbo.

Nililia begani kwa Wangu kwenye kibanda, chaki yake ikanipaka shavuni. Akaniambia nisijipe kazi bure, Baba ana mawazo, anasubiri rufaa yake. Nikamuuliza, kumbe ile kesi haijaisha? Akasema kesi za wazee haziishi, zinapumzika tu, na kwamba hata Mama kila siku anasema rufaa, rufaa. Kisha akanifuta chaki kwa kidole gumba, pole pole, na mimi nikasahau nilikuwa nalilia nini.

Jumatano, 12 Machi

Mvua. Amenishonea blauzi kwa kipande cha kitambaa kilichobaki. Inanitosha kama ngozi.

Jumamosi, 15 Machi

Baba alileta suruali yake ya kutokea ipunguzwe. Wangu alimpima mbele yangu, akaandika kwenye daftari la vipimo: kiuno, inchi thelathini na moja. Juu yake, kwa mwandiko wake uleule wa mwaka jana, imeandikwa thelathini na nne. Akamtania baba yake kwamba anataka kurudi ujana aje kumpora mke. Baba akatabasamu. Ndiyo mara ya kwanza namwona akitabasamu, na meno yake ni ya Wangu kabisa, yaani dada, nilimpenda mzee palepale kwa ajili ya meno.

Mvua ilikuwa inapiga bati kiasi kwamba alipoaga hatukumsikia. Sauti yake nayo imekuwa ndogo.

Jumanne, 18 Machi

Mvua kutwa. Daraja la chini, lile la saruji tulilovuka siku ya harusi, maji yamepita juu yake saa mbili kisha yakashuka.

Ijumaa, 21 Machi

Nilikwenda nyuma ya ghala kuchukua kuni nikamkuta Baba ameinama, mkono mmoja ukutani, anarudisha chakula cha mchana. Si kutapika kama mtu mwenye tumbo. Kilitoka kama kilivyoingia, kama vile hakikufika popote. Nikarudi kinyumenyume asinione. Binti mzima wa kidato cha nne, nimeshindwa kumpikia mzee mmoja.

Nilimwambia Mama, kichwa chini. Akaacha kupepeta akacheka, lakini kicheko kilikuwa kifupi kuliko vyake vya kawaida. Akasema si chakula changu. Hata chake yeye, alichompikia miaka arobaini, kinarudi siku hizi. Mzee sasa anaishi kwa uji, na uji wenyewe lazima uwe mwepesi. Nikauliza tufanye nini. Akasema hakuna la kufanya mpaka ile rufaa iitwe. Ikiitwa atapona.

Nikaondoka nikiwaza, kumbe kesi inaweza kumkaba mtu koo.

Jumatatu, 24 Machi

Mvua. Sijaandika kwa sababu sina la kuandika ila kwamba nampenda.

Jumatano, 26 Machi

Dada, leo naandika mengi, uniwie radhi kwa mwandiko.

Asubuhi bati la chumba cha wazee lilivuja juu ya sanduku la Baba. Mama aliniita tulitoe nje, maana jua lilikuwa limechomoza kidogo. Ndani yake ndimo zilimo karatasi zote za ile kesi, miaka kumi na moja ya karatasi, kila moja kwenye mfuko wake wa plastiki. Mifuko ya juu ilikuwa imeingia maji. Baba alikuwa amelala, siku hizi analala sana mchana. Mama haoni vizuri maandishi, akaniambia nizitandaze mkekani kwa mpangilio nitakaozitoa nao, mzee asije akaamka akaona kesi yake imechanganyika.

Ya juu kabisa haikuwa ya mahakama. Ilikuwa karatasi moja, ya zahanati ya hapa kijijini, imeandikwa Kiingereza chote cha kidaktari isipokuwa neno moja lililopigwa muhuri wa zambarau juu: RUFAA. Nilisoma nikiwa nimepiga magoti. Mwanaume wa miaka sitini na sita. Shida ya kumeza kwa miezi mitatu, vigumu kwanza, sasa hata vilaini. Amepungua mwili. Apelekwe hospitali kubwa kwa kipimo cha njia ya chakula. Chini, imepigiwa mistari miwili: haraka, ndani ya siku saba.

Tarehe ni 12 Februari. Siku kumi kabla ya harusi yetu.

Nilimuuliza Mama hii ni nini. Akasema, bila wasiwasi wowote, ndiyo hiyo, rufaa ya mzee. Walikwenda kwa tabibu wawili tu, hawakutaka kutuambia tukiwa kwenye maandalizi. Tabibu akaandika, mzee akaiweka mahali salama, na tangu hapo wanasubiri hospitali iite.

Wanasubiri hospitali iite. Wiki sita, dada. Mimi na Wangu tulidhani mahakama, tukacheka. Wao walijua ni hospitali, wakadhani hospitali ni mahakama. Nyumba moja, neno moja, na hakuna aliyemuuliza mwenzake.

Nilikwenda kibandani na ile karatasi. Wangu alikuwa anaimba. Nilimsomea kwa Kiswahili, mstari kwa mstari, na mguu wake ukaacha kukanyaga. Alichukua daftari la vipimo akalifungua ukurasa wa baba yake, akalitazama muda mrefu. Kumbe Jumatatu amempima tena, ishirini na nane, hakuniambia.

“Mimi ni fundi,” alisema. “Nilidhani kitambaa kinalegea.”

Sikujua nimguse wapi.

Alhamisi, 27 Machi

Leo tulikaa na Baba. Mkwe hasimami mbele ya baba mkwe kumfundisha mambo, najua, lakini Wangu alisema mimi ndiye ninayeweza kuisoma, niseme mimi. Nilikaa chini kabisa, macho kwenye vidole vyangu.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akazungumza na mimi zaidi ya alivyozungumza tangu niolewe.

“Binti, mimi nimekaa na rufaa miaka mitano,” alisema kwa ile sauti yake ndogo. “Karatasi ikishaandikwa, wewe unatulia kwako. Siku yako ikifika, unaitwa kwa jina. Ukienda kabla hujaitwa unaonekana mkorofi, faili lako linawekwa chini ya mengine.”

“Baba, ya hospitali hawaiti. Karatasi hii ilitakiwa uipeleke wewe.”

“Nilimuuliza tabibu, itachukua muda gani? Akasema inategemea foleni ya kule.”

“Foleni ya kule, Baba, ni watu waliokwisha fika.”

Nje kuku walikuwa wanajikung’uta maji. Mama alikuwa anatutazama mmoja mmoja kama mtu anayengoja kutafsiriwa. Mwishowe Baba akaomba karatasi, akaishika mbali na macho, akalitazama lile neno la zambarau.

“Basi walitumia neno la watu wa mahakama,” alisema.

Hakulaumu mtu. Ningetamani alaumu. Alimwambia Wangu ampigie pasi suruali.

Mimi nilikuwa nimemwona mzee mwenye kiburi asiyetaka chakula cha mkwe. Kumbe vile vijiko vinne alikuwa anavilazimisha ili nisijisikie vibaya.

Jumamosi, 29 Machi

Gari la wagonjwa la zahanati limepandishwa juu ya mawe, halina magurudumu mawili. Tabibu mwenyewe alitoka kutuonyesha, kana kwamba hatungemwamini. Alipoiona ile karatasi alishika kichwa. Alisema anahudumia vijiji tisa peke yake na alidhani mzee alikwenda zamani. Nilikuja nimejiandaa kumchukia, nikashindwa.

Jumatatu, 31 Machi

Tumefika hospitali kubwa. Pikipiki mbili mpaka njia panda, Baba katikati ya dereva na Wangu, mimi nyuma na mfuko, kisha basi la saa nne. Daraja la chini tulilivuka maji yakiwa kwenye vifundo.

Sijawahi kuona watu wengi waliokaa kimya namna hii. Mabenchi yamejaa, ukuta umejaa migongo, hata ngazi zina watu. Kuna dirisha la mapokezi, dirisha la faili, dirisha la vipimo, na mbele ya kila dirisha sakafu imelika kwa kusimamiwa. Baba alikaa na karatasi yake kwenye goti, suruali imepigwa pasi, kofia mkononi. Kila jina lilipoitwa aliinua kichwa.

Nesi wa dirishani alikuwa mama wa makamo mwenye kalamu sikioni. Aliisoma barua, akaitazama tarehe, akamtazama Baba.

“Mzee, hii iliandikwa haraka. Mlikuwa wapi muda wote huu?”

“Tulikuwa tunawasubiri nyinyi,” Baba alimjibu.

Hakusema kwa ubishi. Alisema kama mtu anayeeleza mahali alipokuwa. Nesi akaitoa ile kalamu sikioni na kuandika jina lake. Mimi nilikuwa nawaza jibu langu: tarehe kumi na mbili nilikuwa nachagua rangi ya gauni.

Saa tisa tukamwona daktari, kijana, macho mekundu. Alimpapasa Baba shingo kwa upole sana. Akasema kipimo ni mpira mwembamba wenye kamera, unapitishwa mdomoni kwenda kuona kimeziba nini. Upo mmoja kwa mikoa yote ya upande huu, unafanya kazi Jumanne na Alhamisi, na kila siku unachukua wagonjwa wanane. Akafungua kitabu, akageuza ukurasa, akageuza mwingine. Tarehe ya karibu ni 24 Aprili. Aliandika “haraka” kwenye kadi na kuipigia mistari miwili, kama yule tabibu wa kijijini. Haraka yetu imepewa wiki tatu na siku tatu.

Wangu aliuliza kama hakuna njia nyingine. Daktari alisema kuna watoto kwenye kitabu hiki.

Jumatano, 2 Aprili

Tumerudi. Mjini hatuna ndugu, na nesi alituambia kukaa kwenye benchi wiki tatu kutammaliza mzee kabla ya ugonjwa. Njiani Wangu alinishika mkono mbele ya watu wote wa basi na hakuuachia. Mwezi mmoja uliopita ningekuandikia kurasa tatu juu ya mkono huo.

Jumapili, 6 Aprili

Mvua. Uji mwepesi, maziwa. Baba anakunywa kwa kijiko cha chai.

Alhamisi, 10 Aprili

Mvua. Nimeanza kuchuja uji kwa kitambaa cha pazia. Mama amenisifu, akasema sikuolewa bure.

Jumatatu, 14 Aprili

Tumegombana kwa mara ya kwanza. Nilimwambia Wangu asimpime baba yake tena, kwani inasaidia nini, akanijibu kwa ukali kwamba ni kitu pekee anachojua kufanya. Alikwenda kushona bila kuimba. Baadaye nilimkuta ameegemea cherehani macho makavu, nikakaa benchi la wateja, tukakaa hivyo. Nilidhani ndoa ni kufurahi pamoja. Hakuna aliyeniambia kuna na hii ya kukaa tu.

Alhamisi, 17 Aprili

Mvua haijakatika tangu jana. Wanasema maji yamefika kiunoni kwenye daraja.

Jumamosi, 19 Aprili

Maji yamefika kifuani.

Jumatatu, 21 Aprili

Tulipanga kuondoka leo, siku tatu kabla, tuwe salama. Tulimvisha Baba, tukafunga mfuko, tukafika mtoni. Hakuna daraja. Upande wa kule ncha yake inaonekana, huku ni maji ya rangi ya udongo yanakwenda na magogo. Watu wa pande mbili wamesimama wanatazamana. Mwendesha pikipiki alizima injini, akasema hata ukimpa nyumba havuki.

Baba alikaa juu ya jiwe akayatazama maji. Akasema turudi, tumewahi mno. Alikuwa ananifariji mimi.

Alhamisi, 24 Aprili

Ndiyo siku yenyewe. Huku simu inashika mahali pamoja tu, kwenye uwanja wa shule, karibu na nguzo ya goli. Tangu asubuhi mimi na Wangu tulikuwa golini chini ya mwavuli mmoja, tunapiga namba iliyo kwenye kadi. Inaita, inakatika. Inaita, inakatika. Saa tano mtu akapokea. Wangu akaeleza yote kwa haraka, jina la mgonjwa, daraja, mto, kwamba hatukukataa kuja. Mtu yule akasikiliza vizuri sana, akatupa pole, kisha akasema yeye ni mlinzi wa geti, simu iliachwa hapo ichajiwe, lakini atawaambia.

Nilianza kucheka, dada. Nilicheka mpaka nikashika nguzo. Wangu naye akacheka, kisha hakikuwa kicheko tena.

Tulipoingia nyumbani Baba aliuliza wamesemaje. Wangu akasema wametuelewa.

Jumapili, 27 Aprili

Hajameza hata maji tangu jana mchana. Midomo imepasuka. Mama anamlowesha kwa pamba na kumwambia vichekesho vya ujana wao, vingine vya aibu, anajisahaulisha kwamba niko chumbani. Baba anacheka kwa mabega tu.

Jumanne, 29 Aprili

Maji yameshuka kidogo, na Wangu aliamua. Vijana wanne wa kijijini walijitolea. Walifunga kamba kutoka mti wa huku mpaka wa kule. Walitaka kumbeba Baba kwa kitanda, wakaona mkondo utawazidi. Wangu akavua shati, akaninyooshea, akachuchumaa mbele ya baba yake.

Alimbeba mgongoni. Wenzake wawili mbele, wawili nyuma, kamba kwapani. Mimi na Mama tulibaki ukingoni, hakuna aliyeturuhusu kukanyaga maji. Yalimfika Wangu tumboni, kisha kifuani. Katikati alisimama. Sijui alisimama muda gani. Niliona mkono wa Baba umemzunguka shingoni na kichwa chake kimelala begani kama mtoto aliyechoka safarini. Nilikuwa nimeshika shati lake, lina joto bado, na sikuwa na kazi nyingine yoyote duniani ila kulishika.

Wakavuka. Pikipiki ilikuwa inangoja. Wangu alinipungia mkono mara moja. Yule kijana wa mwisho aliporudi alimwambia Mama asiogope, mzee hana uzito hata kidogo. Alidhani anatutuliza.

Ijumaa, 2 Mei

Goli. Wamempokea kwa mlango wa dharura, ametundikiwa maji. Kitanda kimoja wagonjwa wawili, yeye na mzee mwingine, kichwa huku na miguu kule. Msaidizi wa mgonjwa anaruhusiwa mmoja tu. Wangu analala chini ya kitanda. Nilimuuliza anakula nini, akasema anakula.

Jumatatu, 5 Mei

Kuna sare za shule zilizoachwa zimekatwa nusu. Nimekaa kwenye cherehani. Mshono wangu wa kwanza ulikwenda kama mlevi, Mama akasema huyo mtoto atakayeivaa atafika shule kwa kupinda. Ndiyo mara ya kwanza anatania tangu mto. Nilifumua nikaanza upya.

Jumatano, 7 Mei

Jana kamera ilimpata. Mwenye zamu yake alifariki asubuhi, wakampa nafasi. Wangu alinieleza hilo kwa sauti ya chini, kama tumeiba.

Ijumaa, 9 Mei

Goli, jua kali, nilimpeleka na Mama kwa kumshika mkono.

Daktari ni yuleyule wa macho mekundu. Amemwambia Wangu uvimbe umeziba karibu njia yote na umeshika vitu vya jirani. Mwezi wa pili labda wangeweza kukata. Sasa hawawezi. Kinachowezekana ni kuingizwa kibomba kidogo kiweke njia wazi, angalau aweze kunywa, angalau asife kwa kiu. Vibomba hivyo vimeagizwa. Wanavitarajia mwezi wa sita. Wangu alimuuliza kama Baba atafika mwezi wa sita. Daktari alivua miwani, akasema watajitahidi na maji ya mshipa.

Nilimtafsiria Mama, ingawa kilikuwa Kiswahili na simu ilikuwa na sauti ya kutosha. Hakulia. Aliuliza kama yule mzee mwenzake wa kitandani anamsumbua.

Nina miezi miwili na nusu ya ndoa. Nikimwaza Wangu sasa hivi simwoni akiimba. Namwona amesimama katikati ya mto. Na dada, nampenda zaidi, hiyo ndiyo ajabu yake, nampenda mpaka naumwa mbavu, na haimsaidii mtu yeyote.

Jumapili, 11 Mei

Jua. Sare tatu zimekamilika.

Jumanne, 13 Mei

Leo Wangu alisema Baba ameomba kuzungumza na mimi. Si na Mama, na mimi. Nikageuka nikaipa mgongo barabara, nikaziba sikio lingine.

Kwanza nilisikia pumzi tu, na kelele za wodi, mtu anaburuta ndoo. Kisha ile sauti, imebaki kama karatasi inayokunjwa.

“Mwanangu. Unakuja lini?”

Hajawahi kuniita hivyo. Sijui kama alijua ni mimi au alinichanganya na mtu mwingine wa zamani, na sikutaka kujua.

Dada, sina njia ya kwenda. Mafundi wa barabara wamefika mtoni wakapima, wakaondoka, wakasema mawe yataletwa baada ya wiki mbili kama mvua haitarudi. Ile kamba imefunguliwa, mwenyewe alikuwa anaihitaji. Mama hawezi kubaki peke yake, anatoka nje mchana na kuanza kutembea kuelekea mtoni. Na huko msaidizi ni mmoja, nikifika nitasimama getini na yule mlinzi. Yote haya nilikuwa nayo mdomoni, yamepangika vizuri. Mawingu yalikuwa yanarudi upande wa milima, na Mama, aliyekaa kwenye nyasi nyuma ya goli, alikuwa ananitazama midomo.

Nilimwambia, Baba, nakuja. Nikamwambia nitamleta na Mama. Akauliza tena, lini, taratibu, kama mtu anayetaka kuiandika tarehe. Nikamwambia kabla ya mwezi huu kuisha. Akasema haya. Nikarudia kwa sauti, ili Mama naye asikie, na Wangu kule asikie: kabla ya mwezi huu kuisha, Baba, nitakuwa hapo.